Barua kwa Rukia, kutoka Lisbon

Lisbon, Alhamisi jioni

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Nimekaa kwenye uwanja wa Portas do Sol, juu kilimani, kikombe cha kahawa mkononi, na mto Tejo uko chini yangu, mpana hata unaweza kuudhania bahari. Kahawa hii wanaiita bica: kikombe kidogo, nyeusi, kali, mafunda matatu imekwisha. Wauza kahawa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, wangeikubali, ila wangeuliza tangawizi iko wapi.

Leo ni siku ya sita. Uliniusia nisihangaike kuona kila kitu, nami nimekutii. Asubuhi natembea, mchana nakula polepole mpaka alasiri, jioni natembea tena. Tramu namba 28 niliipanda mara moja, ikajaa watu hadi mlangoni, nikashuka. Tangu hapo ni miguu tu. Ukija, njoo na viatu vya raba, maana vijiwe vya njiani vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinateleza kama sabuni.

Mtaa ulioniteka ni Alfama. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, maji ya moto, kwani Waislamu walitawala hapa hadi mwaka 1147. Vichochoro vinapindana kama vya kwetu, nguo zimeanikwa madirishani, na mabibi wanazungumza toka dirisha hili hadi lile. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji, watu wakiwa makanisani kwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, lakini Alfama haikupotea. Upande wa pili wa mji, kwenye kilima kingine, kanisa la Carmo limebaki bila paa tangu siku ile. Matao yapo, juu yake mbingu. Niliingia kwa dakika kumi, nikatoka baada ya saa nzima.

Sasa nikupe habari za chakula, najua ndizo unazozingoja. Ukikaa tu mkahawani, mhudumu anakuletea mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza. Si vya bure: ukila utalipa, usipovitaka sema avirudishe. Mimi nilivimaliza. Kisha nikala bacalhau, na hapo nikamkumbuka mama yako, maana hii ni ng'onda, Rukia! Samaki aliyetiwa chumvi akakaushwa, wengi wakitoka Norwei huko, na kabla ya kupikwa hulowekwa siku nzima au zaidi, maji yakibadilishwa, vilevile kama mama alivyokuwa akimfanyia papa. Mimi nilipikiwa ya à Brás: samaki amechambuliwa nyuzinyuzi, akakaangwa na vitunguu na vibanzi vyembamba vya viazi, yakavurugwa mayai humo, juu zeituni nyeusi na kotimiri ya kwao. Kesho yake nilirudi mkahawa uleule nikaagiza sahani ileile.

Mezani palikuwa na kichupa cha piri-piri. Nikamwambia mhudumu, neno hilo ni letu, pilipili. Akacheka, akagonga meza kwa kidole: “Mesa.” Nikamwambia na sisi ni meza. Tukaendelea hivyo, bandeira na bendera, caixa na kasha, mpaka wateja wengine wakaanza kumwita.

Jana nilikwenda Belém. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa kwenye kivuli cha Ngome, ukaniuliza Vasco da Gama alizikwa wapi, nami sikuwa na jibu? Yumo ndani ya monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango, amechongwa kwa jiwe jeupe, mikono imekutana kifuani. Jengo lilianzwa mwaka 1501, na sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye kodi ya viungo na mali za Afrika na Mashariki. Ni zuri mno, nguzo zimechongwa kama minazi na kamba za merikebu. Lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Yeye alifika kwetu mwaka 1498, na mwaka 1505 wenzake wakaja wakauchoma mji wa Mombasa. Nilisimama pale nikautaja mji wetu kwa sauti, mara mbili, watu wasikie. Kisha nikasoma Fatiha kwa ajili ya wale wetu wasio na kaburi la jiwe.

Nikatoka nikapanga foleni kwenye duka la pastéis de Belém, lililoanza mwaka 1837. Ni vijikombe vya unga mwembamba unaovunjika mdomoni, ndani kastadi ya moto, juu yake unajinyunyizia mdalasini mwenyewe. Nilinyunyiza mdalasini mwingi. Nilikula vinne, nikakaa kimya.

Mwezi Juni mitaa ya Alfama huwa moshi mtupu wa sadini za kuchomwa, kwa sherehe za Santo António. Mwaka ujao tuje sote wawili, nimeshaanza kuweka akiba.

Zawadi yako nimeinunua leo, kwa mama mmoja mtu mzima anayeuza vitambaa vya kutarizi. Niliishika nikauliza inaitwaje. “Fronha,” akasema. Nikamwambia, foronya. Akanitazama, akalitamka kama nilivyolitamka mimi, foronya, akaikunja taratibu, akaniongezea ya pili bila kuidai pesa.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura