Usianze na th

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza uanzie wapi na hao wanafunzi wako wa Lyon katika konsonanti za Kiingereza. Nakusihi usianze na th, ingawa ndiyo wanayoiogopa. Anza na h, maana hiyo hubadili maana bila mtu kushtuka: Mfaransa anataka kusema ana njaa, "hungry", mwenzake anaelewa kwamba amekasirika, "angry".

Kifaransa huandika h lakini hakiitamki. Mpe kila mmoja kioo kidogo, akipumulie kwa mdomo wazi kama anayesafisha miwani hadi kifanye ukungu, kisha pumzi hiyohiyo iingie kwenye irabu: hhh-at. Koo lisikwaruze, likikwaruza imekuwa kh ya "kheri". Baada ya muda litazuka kosa la pili: h inabandikwa hata pasipo nayo, "air" ikageuka "hair". Hapo wakumbushe wanavyounganisha "les amis" (marafiki) kwao, ikasikika le-zami. "Am angry" waitamke a-mangry, bila kukata katikati, na h ya bure itakosa pa kuingia.

Kwenye th una bahati, unayo tayari katika "thamani", na ndugu yake katika "dhahabu". Waonyeshe mdomo wako. Ncha ya ulimi ichungulie milimita 2 hivi kati ya meno, isiumwe. Watazame kwa makini: wengi hutoa ulimi, kisha huurudisha ndani kabla ya kupuliza, ndipo "think" inakuwa "sink". Basi wapulize kwanza, sekunde 3 nzima, ulimi ukiwa palepale, halafu waongeze irabu. Ukisikia t, ulimi umekandamizwa na hewa imezibwa. Kwa dh waweke vidole viwili kooni. Pasipotetemeka, bado ni th.

P, t na k walimu wengi huziruka, nami naona wanakosea. Mfaransa huzitamka bila pumzi, na "pear" yake husikika kama "bear". Kata karatasi upana wa sentimita 2, ining'inie mbele ya midomo: kwa "pen" iruke, kwa "spin" itulie. Ni ileile tofauti ya watu wa pwani kati ya paa la nyumba na paa wa porini. Huyu wa porini ndiye mwenye pumzi.

Ch waandikie "tch", la sivyo "cheap" itakuwa "sheep". J waandikie "dj", kama Djibouti wanavyoiandika wao.

Sauti moja kwa kipindi, dakika 10, na vioo usisahau.

Wako akupendaye