Vijana wanaoshtakiwa kwa ulevi wapate wakili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililozoeleka hapa Mombasa kila vijana walio chini ya umri wa miaka 18 wanapokamatwa katika misako ya baa na mangwe, yaani vilabu vya pombe ya mnazi, ambapo mzazi, kwa aibu na kwa kutaka mambo yaishe upesi, humshauri mwanawe akiri kosa, alipiwe faini na warudi nyumbani kabla majirani hawajapata habari.

Ushauri huo ni wa hatari. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi tunaiita Sheria ya Mututho, inapogusia umri humlenga muuzaji: yeye ndiye aliyekatazwa kumuuzia au kumpa kileo asiyetimiza miaka 18. Hata hivyo, si ajabu kijana kufunguliwa shtaka la ulevi na fujo ilhali aliyemuuzia anaendelea na biashara jioni ileile. Wakili angeuliza yale ambayo mzazi aliyefadhaika hayaulizi: je, kijana alikuwa amelewa, au alikutwa tu ameketi pale? Fujo yenyewe ilikuwa ipi, na nani aliishuhudia? Je, alielezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na kwamba ana haki ya kunyamaza, kama Kifungu cha 49 cha Katiba kinavyoagiza?

Lipo pia suala la umri, nami naliona ndilo kubwa zaidi. Kijana wa miaka 16 mwenye umbo kubwa, asiye na cheti cha kuzaliwa mkononi, aweza kuandikwa kituoni kuwa mtu mzima, na akishaandikwa hivyo kinga zake zote zimo hatarini. Kifungu cha 53 kinataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zinaposhindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo na mbali na watu wazima. Nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaruhusu makosa madogo kumalizwa kwa onyo au ushauri nasaha bila ya mtoto kupandishwa kizimbani. Cheti kikifikishwa kituoni usiku uleule, au wakili akiiomba mahakama iamuru umri upimwe hospitalini, kesi hushika njia nyingine kabisa na kupelekwa Mahakama ya Watoto pale Tononoka.

Wapo watakaosema kwamba kumtafutia wakili kijana mlevi ni kumdekeza. Sioni hivyo, mzazi anaweza kumkemea mwanawe nyumbani na bado akamtetea mahakamani.

Kikwazo ni pesa na wakati. Anayekamatwa Ijumaa usiku huenda akakaa ndani hadi Jumatatu, kwa kuwa muda wa saa 24 wa kumfikisha mahakamani ukiishia siku isiyo ya kazi husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 50 kinaitaka Serikali imgharamie wakili mshtakiwa ambaye bila ya hivyo angetendewa dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria imekuwapo tangu mwaka 2016. Naiomba basi kamati ya watumiaji wa mahakama ya Tononoka ikae na mawakili wa hapa Mombasa, wapange zamu za mwisho wa wiki, na nambari ya simu ya wakili wa zamu ibandikwe kwenye kaunta ya kila kituo cha polisi, kuanzia Likoni hadi Kisauni.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa