Harambee ya mama mpishi wetu, Jumamosi baada ya alasiri

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi mliosoma hapa mkaenda zenu Mombasa, Nairobi na Gulf, habari za masiku. Yule mama anayewapikia watoto wetu uji na maharagwe, asiyekubali mtoto arudi darasani hajashiba, anaumwa mwaka wa pili huu na safari hii hatunyamazi.

Anakojoa damu. Hana homa, hana maumivu, anaamka tu asubuhi mkojo mwekundu kama Vimto, wiki mbili unakuwa safi halafu tena. Alipoenda mara ya kwanza akaulizwa mama una hakika si hedhi, ikabidi aupeleke kwenye chupa ya maji ndio wakaamini. Na sisi watu wa Kwale mkojo wa damu ni kichocho basi, akamezeshwa dawa za kichocho mara tatu na vipimo havijaona hata yai moja la kichocho, antibayotiki ndio usiseme. Altrasaundi, safi. Huku nyuma maneno, eti zinaa, eti karogwa, mnajijua.

Mwezi uliopita akaanguka jikoni hatua mbili tu kutoka kwa sufuria ya uji inayochemka, kipimo cha wingi wa damu mwilini (hemoglobini) kimeshuka hadi 5.8, akaongezwa painti 3. Ndio akafika kwa daktari wa njia ya mkojo Mombasa, kamera iliyopitishwa njia ya mkojo ikaonyesha damu inachuruzika upande wa figo la kushoto peke yake, kulia hakuna kitu. Ikapandishwa kamera nyembamba zaidi mpaka ndani ya figo, kumbe kuna kidoa chekundu, nilionyeshwa picha nikasema, hiki ndicho kinachotusumbua? Daktari anasema ni hemanjioma, vimishipa vya damu vimejisokota pamoja, si saratani na hakisambai, ila kikivuja kinavuja kweli, na altrasaundi mara nyingi haikioni kwa udogo.

Zamani mtu angetolewa figo zima. Siku hizi wanapitisha leza njia ileile ya mkojo wanakichoma, hapasuliwi. Siku ile damu ilikuwa nyingi hawakuona vizuri vya kutosha kukichoma, ndio maana lazima arudi. Ikishindikana wataingilia mshipa wa pajani wauzibe ule unaokilisha, hiyo ni bei nyingine, tuombe tusifike huko.

Inatakiwa 280,000. Bima imebeba kitanda, familia imeuza mbuzi wote wanne, wamefika 65,000, zimebaki 215,000. Paybill iko kwenye grupu, mweka hazina ataandika kila jina, hata mia tuma usione haya. Asiyekuwa na pesa ana damu, tunataka watu 6 wa kwenda kutoa, matatu ya shule inaondoka Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, kula kwanza.

Jumamosi kuna chai na mahamri. Na aliyeazima sufuria kubwa ya shule kwa harusi ya juzi airudishe kabla ya Ijumaa, hatuna nyingine ya kupikia hiyo chai.