Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyepewa kuandika historia ya baba yake

Marahaba, mpwa wangu, na pole tena kwa msiba wetu.

Ujumbe wako na rasimu nimevisoma. Kikao cha familia kimekukabidhi historia ya marehemu baba yako, mhandisi wa maji, mazishi ni Jumamosi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na leo ni Jumanne. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa Moshi hii hakosekani kijana mwingine aliyepewa kazi kama hiyo, ana siku tatu tu na macho yamevimba kwa kulia.

Kwanza urefu. Anayesoma kwenye kipaza sauti, nje chini ya maturubai, hufika kama maneno 100 kwa dakika. Mchungaji akikupa dakika 7, una maneno 700. Rasimu yako ina zaidi ya mara mbili ya hapo, na nusu yake ni sifa. "Alikuwa mchapakazi, mcha Mungu na mpenda familia" husomwa kwa kila marehemu. Ifute.

Tarehe usizichukue kwenye pasipoti. Wazee wengi wa rika lake waliandikiwa tarehe za kukadiria. Mwombe mama yako cheti cha ubatizo na cha ndoa, na kama vimepotea, nenda ukaangalie daftari la usharika. Kisha panga miaka yote kwenye karatasi moja uilinganishe na historia ya nchi, maana hapo ndipo makosa hujitokeza. Umeandika alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960. Haiwezekani, kwa sababu Kitivo cha Uhandisi pale kilianza 1973. Kabla ya hapo vijana wetu walikwenda Nairobi, chuo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi 1970, na cheti kinachoning'inia sebuleni kwenu kinasema hivyo hivyo. (Anayeandika habari za mhandisi wa barabara naye aangalie: TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ilianza 2000, hivyo aliyestaafu 1995 hakuwahi kuwa mtumishi wake.)

Cheo nacho kiandike sawasawa. Fundi sanifu ni fundi sanifu na mhandisi ni mhandisi. Kila mmoja ana heshima yake, na wenzake wa kazini watakuwepo pale wakisikiliza. Cheti cha Bodi ya Usajili wa Wahandisi kina maneno kamili. Yanakili kama yalivyo.

Sasa kazi yenyewe, ambayo rasimu imeimaliza kwa mstari mmoja: "alijenga miradi mingi ya maji." Mhandisi peke yake hajengi. Sema alipima, alisanifu, alisimamia au aliendesha, na utaje ni mradi upi. Weka pia majira yake: mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia maji wananchi wa vijijini, na yeye alikuwa kijana mwenye shahada mkononi. Halafu waeleze waombolezaji kwa nini alishikilia maji ya mserereko. Maji yakishuka mlimani yenyewe hayadai dizeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipoadimika, dizeli na vipuri vikakosekana na pampu nyingi vijijini zikasimama. Mabomba ya mserereko yaliendelea kutoa maji.

Hapo weka aya moja ambayo hata bibi aliyekaa nyuma kabisa ataielewa. Kila mita 10 za kimo ambazo maji yanashuka huongeza takriban bar 1 ya mgandamizo ndani ya bomba. Bomba la plastiki la bar 10 kwa hiyo lina uwezo wa mita 100 za kimo, si zaidi, na mteremko wetu kutoka ukanda wa msitu hadi barabara ya chini ni mamia ya mita. Bila kitu cha kuvunja mgandamizo, bomba hupasuka, na hupasuka usiku, kwa sababu koki zote zikifungwa maji hutulia na uzito wote wa kimo hukaa chini. Ndiyo maana kuna vile vitangi vidogo vya zege kando ya njia, ambavyo watoto huvikalia wakitoka shule. Maji huingia humo, hukutana na hewa, mgandamizo unarudi sifuri, kisha yanaanza safari upya. Baba yako ndiye aliyepima kila kimoja kikae wapi. Ukisema "vile vitangi vya njiani", umati wote utajua ni vipi.

Usisahau wenye mifongo, ile mifereji yetu ya asili ya kumwagilia. Banio la mradi, yaani pale maji yanapochotwa mtoni, likikaa juu ya banio la mfongo, maji ya migomba hupungua kiangazi, na ugomvi huanza hapo. Aliwakalia vikao wazee hao kabla ya kuchimba mtaro. Mtaje mzee mmoja aliye hai athibitishe, ila umwombe ruhusa kwanza.

Upendo wake kwa familia upime vilevile. Kuna lile daftari la ada lenye risiti zilizobanwa. Hesabu majina: watoto wake ni 6, lakini waliosomeshwa humo ni zaidi, na wengine ni watoto wa ndugu zake. Toa idadi kamili. Halafu sinki la jikoni: kawaida huwekwa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, yeye aliliweka 78, kwa kuwa dada yangu ni mfupi. Chukua futi kamba ukapime mwenyewe, kisha uandike.

Orodha ya watoto ndiyo huvunja misiba. Waandike wote kwa mfuatano wa kuzaliwa, pamoja na aliyetangulia mbele za haki, na umsomee mama yako na baba yako mkubwa kabla haijachapwa. Ugonjwa usiutaje mpaka mama yako akubali, na hata hapo sentensi moja inatosha.

Nakala ya msomaji iwe na herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, na miaka uiandike kwa maneno ili ulimi usikwame. Chapa mbili. Moja mpe binamu yako asimame karibu nawe, maana ukifika kwenye sinki huenda sauti ikakatika, naye aendelee pale pale.

Alhamisi usiku baada ya sala nipigie unisomee yote. Ijumaa asubuhi lazima iwe kwa mchapaji.

Mjomba wako