Namtoa mtoto praiveti, na nyinyi magazeti mjue kwa nini

Mhariri,

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Busia, Uganda, nauza mukene, yaani dagaa, sokoni, na hii barua naandika usiku maana mchana sipati nafasi. Mtoto wangu wa kati amemaliza P5, darasa la tano la msingi, kwenye shule ya praiveti, jina sitaji. Mwezi wa kumi na moja hedimasta akaniita ofisini akasema kijana amepata maksi za kuvuka ila shule inaomba arudie P5, nikamuuliza arudie kwa nini na amepita, akaniambia mama wewe unajua sisi P7 yetu tunataka divisheni wani tupu, huyu anaweza kutuletea ya pili. Yaani mtoto hajafeli kitu, ni vile ataharibu hesabu yao ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi unaofanywa P7.

Nililia njiani kurudi, sitaficha.

Fizi, yaani karo, pale ni shilingi 480,000 kwa temu, temu tatu ni 1,440,000, hapo bado rimu ya karatasi, mifagio, karatasi ya choo, sabuni na pesa za mitihani ya kununua. Mwaka mzima wa pesa hiyo ili mtoto asome tena kitu ambacho ameshakisoma. Na sio pesa tu, kijana mwenyewe aliposikia aliacha kula, akaniuliza mama mimi ni mjinga?

Basi kabla shule hazijafunga nikaenda kuangalia shule ya serikali iliyo karibu na sisi, ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nilienda asubuhi tatu tofauti maana ukienda siku moja unaonyeshwa tu kile wanataka uone. Darasa la P5 nilihesabu watoto 104, wengine wamekaa wanne kwenye deski ya watatu. Hiyo ni mbaya na sitaki mtu aniambie ni sawa. Lakini mwalimu aliyesimama mbele alisomea ualimu, ana miaka zaidi ya kumi kazini, na nilimwona anamrudia mtoto mmoja wa nyuma kwenye hesabu za sehemu mpaka akaelewa. Kule praiveti mwalimu wa hesabu wa kijana wangu alikuwa kijana aliyemaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anangojea kwenda yunivasiti, alikaa temu mbili akaondoka, hawakutuambia.

Nimeuliza pia mambo ya lugha kwa sababu mdogo wake yuko P2, na hapa nawaomba wazazi wasikilize vizuri. Shule nyingi za serikali P1 mpaka P3 hufundisha kwa lugha ya eneo, P4 ndio wanageuka, P5 kwenda juu ni Kiingereza. Kwa hiyo huyu mkubwa anahamia P6 bila shida, lakini mdogo nikimhamisha saa hii atakutana na Kisamia, lugha ya hapa, darasani na sisi nyumbani tunaongea Kiswahili. Huyo namwacha kwanza nifikirie. Mtoto na mtoto hawafanani, hata kama pesa inatoka mfuko mmoja.

Kitu kilichoniumiza zaidi pale shule ya serikali ni chakula. Sheria ya elimu ya 2008 inasema kulisha mtoto ni jukumu la mzazi, basi wale waliochanga wanapewa posho, yaani ugali, na maharage, na ambao hawajachanga wanakaa chini ya mwembe wanaangalia. Mimi nilianza P2 mwaka ule ule UPE inaanza, 1997, kwetu tulikuwa saba na wakati ule serikali ilikuwa inalipia wanne tu kwa kila familia, baba alichagua nani aende. Najua kukaa unaangalia wenzako kunavyokuwa. Kwa hiyo nikitoa mtoto kwa 480,000, sehemu ya hiyo pesa nitaipeleka kwenye posho, ya mtoto wangu na ya wengine wawili, na kwenye mkutano wa wazazi nitauliza hilo jambo mpaka lijibiwe. Wengi wetu tunaoweza kuuliza tumehamisha watoto praiveti, wamebaki wazazi ambao wakiongea hakuna anayeandika.

Shangazi yangu ananiambia nitaaibika, watu watasema biashara imeanguka. Wacha waseme.

Sasa nakuja kwenu mhariri. Matokeo ya PLE yakitoka nyinyi mnachapisha kurasa na kurasa za shule na idadi ya divisheni wani, na picha za watoto wamebebwa juu. PLE ni masomo manne, kila somo 1 mpaka 9, ukipata jumla 4 mpaka 12 ndio divisheni wani, sawa. Lakini hamuandiki watoto wangapi walirudishwa nyuma kama wangu, wala wangapi walioambiwa wakasajiliwe kituo kingine ili wasichafue jina la shule. Mzazi anasoma ukurasa wenu anakimbia kulipa, shule nayo inaona ukurasa wenu inaanza kuchuja watoto. Mwaka huu mkichapisha wekeni hata safu moja tu, shule ilikuwa na watoto wangapi P5 na wangapi kati ya hao walikaa mtihani pale pale miaka miwili baadaye. Wapigieni simu hao mahedimasta muwaulize, kazi yenu si ndio hiyo.

Barua ya uhamisho ya kijana bado wameikalia, wanasema kuna 60,000 ya ziara ambayo sikulipa, ziara ambayo hakwenda. Jumatatu nafunga meza mapema naenda nayo hiyo pesa, na ripoti yake ya P5 yenye maksi za kuvuka nataka waipige muhuri nikiwa nimesimama pale.

Mama wa watatu,
Busia