Nagombea ujumbe, na mahesabu nimeyasoma

Mhariri,

Nimejaza fomu kugombea ujumbe wa kamati ya wamiliki wa nyumba kwenye mtaa wetu wa geti moja. Mke wangu kacheka: "Mzee, unajitafutia maadui wa bure!" Labda. Lakini mwaka jana tulipandishiwa michango ya mwezi kwa tangazo lililobandikwa kwenye kibanda cha mlinzi, mstari mmoja, bila sababu. Nilipoomba mahesabu nikapewa karatasi mbili: pampu ya maji imetengenezwa mara tatu, fundi yuleyule, risiti hakuna hata moja.

Sigombei uenyekiti, wala siahidi lami. Nataka kumbukumbu za vikao zisomwe na kila mwenye nyumba, na iwepo akiba ya matengenezo isiyoguswa kwa sherehe. (Ndiyo, hizo nyama choma hata mimi nilikula.)

Kinachonitisha ni akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali. Mkutano uliopita tulihesabu vichwa saa nzima, tukatawanyika. Katiba yetu inamruhusu aliye safarini kumwandikia jirani idhini ya kupiga kura kwa niaba yake. Fomu ya idhini hiyo haifiki hata ukurasa. Jazeni, hata kama hamnichagui mimi.

Mwenye nyumba, jirani wa pampu