Barua kwa Bibi: Daktari wa Wakunga

Piraeus, Ugiriki, Jumatatu usiku

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na unashuka hadi pantoni mwenyewe. Na wewe unayemsomea Bibi, usiruke mistari, nakujua.

Mimi sijambo. Yule mzee ninayemtunza, aliyekuwa daktari wa meli, jana alining'ang'aniza tuende Aegina, kisiwa kilicho mbele ya bandari yetu hapa, saa moja na kitu kwa meli. Nikadhani anataka fistiki, zile kokwa za kijani za kutafuna, maana kisiwa kile kinasifika kwa fistiki. Kumbe ana lake. Tuliposhuka gatini akakaa kwenye benchi, akasema, "Hapa ndipo alipotoka Paulos."

Paulos huyo alikuwa tabibu, miaka kama 1,300 na zaidi iliyopita. Alifanya kazi Iskanderia kule Misri, na wanasema Waarabu walipoiteka mwaka 642 alikuwepo, wala hakukimbia. Aliandika kwa Kigiriki kitabu cha utabibu chenye sehemu saba: mimba na chakula, homa, maradhi kuanzia kichwani hadi unyayoni, vidonda na ngozi, sumu na kuumwa na nyoka, upasuaji, kisha dawa. Kwenye dawa ungecheka, Bibi, hata mavi ya mbuzi yamo.

Mzee anachokipenda zaidi ni dibaji. Paulos analalamika kwamba wanasheria wana vitabu vifupi vya kubeba, nao kazi yao iko mijini tu, vitabu vimejaa, na kesi inaweza kungoja. Tabibu je? Yeye huitwa shambani, jangwani, hata baharini ndani ya chombo, na mgonjwa hangoji. Kwa hiyo akafupisha vitabu vikubwa vya waliomtangulia. Anasema mwenyewe kwamba vingi si vyake, isipokuwa vichache alivyoviona na kuvijaribu kwa mikono yake. Mzee alilisoma hilo kwa sauti, akanyamaza kitambo. Ameshazalisha mwanamke katikati ya bahari, nadhani alikuwa anamkumbuka.

Basi akaanza vituko. Akanigeuza nielekee jua, akaniambia nipanue kinywa, akanibana ulimi kwa kijiko cha kahawa, watu wanatutazama! Eti ndivyo Paulos alivyofundisha kukata mafindofindo: mgonjwa aketi juani, mtu mmoja amshike kichwa, mwingine abane ulimi, tabibu avute findo kwa kulabu na kulikata, kisha mgonjwa asukutue kwa maji baridi au maji yenye siki. Ghafla mzee akasita. "Kimeo chako kiko wapi?"

Nikamwambia yote. Nilivyokohoa wiki mbili nikiwa mtoto, wewe umekwenda kuzalisha ng'ambo ya mto, na watu wa nyumbani wakaniitia fundi na mkasi wake akikate, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Ulivyorudi ukagomba hadi majirani wakatoka nje. Mzee akafungua kitabu akanionyesha: Paulos alikata vimeo pia, lakini kile kirefu chembamba tu, na akaonya kisikatwe hadi mzizini, ukate kilichozidi ukubwa wa kawaida, la sivyo unaidhuru sauti. Haya, Bibi, ushindi ni wako. Na mimi nimepata sababu ya kutoimba kwaya.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya kimeo. Waarabu walimwita Bulus al-Qawabili. Wewe uliyesoma chuoni umeshaelewa: qabila ni mkunga. Waandishi wao wanasema wakunga walikuwa wakimwendea kumuuliza mambo ya uzazi, naye akiwajibu, hata jina likamganda. Kitabu chake kikatafsiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad, na al-Zahrawi, mpasuaji wa Andalusia kule Hispania, akachota humo mengi. Mwaka 1528 kikachapwa Venice. Yote hayo kwa sababu mtu mmoja alikaa akaandika.

Nikiwa kwenye meli ya kurudi nikawaza: hao wakunga waliokwenda kwake, nao walikuwa na yao ya kumwambia, lakini hakuna hata mmoja ninayemjua kwa jina. Nawe umezalisha nusu ya mtaa wetu. Unajua kwa kushika tumbo tu kama mtoto amekaa vibaya, na unajua saa ya kusema "huyu apelekwe hospitali sasa hivi". Hayo yote yako mikononi mwako tu.

Kwa hiyo natuma daftari lenye jalada gumu pamoja na kilo moja ya fistiki, kwa mtu anayeshuka mwezi ujao. Wewe unayesoma, kila jioni baada ya magharibi muulize Bibi jambo moja, uandike kama anavyolisema. Anza na kondo la nyuma likichelewa.

Fistiki zina chumvi nyingi, Bibi. Kumbuka presha.

Mjukuu wako